Nilimsemea Mwanangu kwa Mlezi Wake, na Yeye Hajui

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye nimekuzidi basi pokea salamu za mama. Sisi hapa Ntobeye hatujambo. Mume wangu Gozbert hajambo, goti tu linamsumbua akipanda mlima, mama mkwe wangu bibi Nahimana hajambo, haoni vizuri lakini anasikia mpaka visivyomhusu, mwanangu wa kwanza Danstan hajambo na bodaboda yake, mkewe hajambo na mtoto wao ameanza kusimama, kitindamimba wangu Francisca hajambo yuko shuleni Rulenge, na Restituta, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu, yuko hapa nyumbani likizo na hajambo sana, anaimba tangu asubuhi. Hata ng'ombe kazaa. Mwandiko wangu uuvumilie, niliishia darasa la nne.

Naomba unisaidie mawazo, maana mimi nina furaha, na furaha yenyewe imenikaa vibaya.

Huyu Restituta anasoma chuo huko Morogoro, shahada ya pili, anachunguza maharage yetu kwa nini yanaoza mizizi yakishaanza tu kutoa maua, amezunguka Ntobeye yote mpaka Nyakisasa anang'oa shina moja hapa na jingine pale anatia kwenye mfuko, watu wakacheka wakasema mtoto wa Gozbert kasoma mpaka kaanza kuiba maharage mabichi. Sasa huko wana chama cha wanasayansi wa mimea, wakubwa na wadogo, na hao wadogo wanaoanza chama kinawalea kwelikweli. Walimpa mama mmoja, Dokta Ildefonsa, awe mlezi wake, Restituta akiandika kitu Dokta anakisoma anamrudishia kimejaa wino mwekundu, wakamfundisha kuandika maombi ya fedha za utafiti, wakamfundisha kusimama mbele ya watu na kueleza kazi yake kwa muda mfupi bila kutetemeka, na mwaka jana wakamlipia nauli na malazi akaenda kwenye mkutano wao Dodoma, akaulizwa maswali na wazee wenye mvi akayajibu. Mtoto huyu zamani ukimtuma dukani alikuwa anasimama mlangoni mpaka muuzaji amuone mwenyewe. Mimi nilimshukuru Mungu mpaka nikalia kanisani na watu wakadhani nimefiwa.

Lakini mshauri, mimi chama nakijua. Hapa kwetu tuna chama cha machela, ile tunayoiita ingobyi, mtu akizidiwa kwenye nyumba za huku mlimani ambako gari halifiki tunambeba mabegani mpaka barabarani. Mimi mwenyewe walinibeba nikiwa na uchungu wa Francisca, mvua inanyesha, wanaume wanateleza, na hawakuniangusha. Tangu siku hiyo ikipigwa filimbi mimi natoka, nikishindwa kubeba mgonjwa nawachukulia wabebaji maji. Ukibebwa halafu ukakaa, watu hawakusemi, wanakutazama tu, na siku yako ikija wanachelewa kutafuta viatu. Kwa hiyo nikamuuliza Restituta, "Wenzako wa chama, wewe unawafanyia nini?"

Akacheka. "Mama, natoa ada ya mwaka, na sisi wanafunzi tunapunguziwa."

"Ada kila mtu anatoa. Mikono yako inafanya nini?"

"Mama jamani, kile si chama cha ingobyi!"

Bibi Nahimana akadakia kutoka jikoni, "Chama ni chama, mtakuja kuona."

Nikaogopa. Nikasema huyu mtoto anapokea tu kwa watu, siku moja watamchoka na yeye hatajua kwa nini.

Basi Jumapili moja akaenda mazoezi ya kwaya, simu akaiacha inachaji, ikaita, nikasoma jina nikaona ni Dokta Ildefonsa, nikapokea. Nikampa shikamoo, akasema hapana mama, shikamoo wewe, tukavutana hapo kidogo kila mtu anakataa kuwa mkubwa, kisha nikamwambia, "Mwalimu, nakushukuru kwa kunilelea mwanangu, lakini mambo ya chama hayajui, msimwache anapokea tu, mpeni kazi hata nzito, ana nguvu, amelima tangu utoto." Yule mama akacheka sana, akasema, "Mama, umenisaidia, kuna jambo nilikuwa naogopa kumwambia kwa sababu ana mengi ya kuandika." Akasema atapiga tena. Restituta aliporudi nikamwambia mwalimu wako alipiga. Yaliyobaki nikayameza.

Wiki iliyofuata ujumbe ukaja, Restituta amechaguliwa kuwaongoza wanafunzi wawili wapya wa chama, na kwenye mkutano ujao atawafundisha wote wanaoingia namna ya kwenda kwa wakulima kuchukua sampuli bila kugombana nao. Alininyanyua juu mimi na uzito wangu huu! Akawa anapiga kelele, "Mama, wameniona! Hakuna aliyenisemea, wameniona wenyewe!" Mshauri, hilo neno liliniingia kifuani likakaa. Baba yake kachinja kuku. Danstan peke yake ndiye anamtania, "Na hawakulipi? Basi hiyo ni kufagia kanisa, dada, utalipwa mbinguni," na Restituta anamjibu, "Wewe unayelipwa, mbona chai unakunywa kwa mama?" Nyumba nzima inacheka na mimi nacheka nao huku naangalia chini.

Sasa Dokta Ildefonsa anakuja na hao wanafunzi wawili Jumamosi ya wiki ijayo kuona mashamba, na watakula hapa kwangu. Akishuka tu kwenye gari atasema, mama, ndiye wewe wa ile simu! Nikimwambia mwanangu sasa hivi nitamvunja, ataona nafasi ile nimemwombea mimi kama mtoto anayeombewa ruhusa shuleni, na nisipomwambia atasikia mbele ya watu anaotakiwa kuwaongoza, huku ndizi zao ziko motoni. Nimefikiri hata kumpigia Dokta tena nimwombe anyamaze, ila sijui kama ni dhambi. Nifanye nini? Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha, nitumie hata ujumbe, usikawie ndugu yangu, siku zinakimbia na Restituta ameshaanza kufagia uwanja.

Mama Danstan
Ntobeye, Ngara

JIBU LA MSHAURI

Mama Danstan, shikamoo ni yako, usinivute kama ulivyomvuta Dokta. Jibu hili nimekutumia kwa simu kabla halijachapwa, na majina ya kwenu nimeyageuza yote, kwa hiyo pumua.

Simu ile haikuwa yako. Ungesema "hayupo, jaribu jioni" ingetosha. Wewe ukapokea, ukashukuru, ukamwombea kazi mtu mzima bila kumuuliza kama anaitaka. Ulifanya kwa mapenzi, naona, na ndiyo maana nakugombeza taratibu. Ungekuwa umefanya kwa majivuno ningekuweka ukurasa wa mbele.

Lakini usijipe ukubwa usio wako. Nimemuuliza mtu aliye kwenye chama cha namna hiyo, akanieleza kwamba nafasi kama ile haitolewi kwa sababu mama wa mtu amezungumza vizuri. Mlezi anapendekeza, kamati inakaa, wanatazama kazi ya mhusika na jinsi anavyoishi na wenzake. Na wewe mwenyewe umeandika maneno ya Dokta kisha ukayapita mbio: alikuwa na jambo anaogopa kulisema. Jambo hilo lilikuwepo kabla hujagusa simu! Alichokuwa anasita ni kumwongezea kazi mtu mwenye mengi ya kuandika. Restituta ameonekana kweli. Wewe ulimwondolea mlezi wake woga, basi.

Na hofu yako ya mtu kupokea bila kurudisha, hapo sikucheki. Tofauti ni kwamba vyama hivi vinawalea wanaoanza vikijua itapita miaka kabla hawajatoa chochote, na wengi wanarudisha kwa kuwalea wanaofuata. Ndicho Restituta anachoanza sasa. Danstan naye mwambie kwamba mwenye kuongoza wengine anaandika hivyo kwenye wasifu wake siku anapoomba kazi, na waajiri wanasoma.

Sasa sikiliza. Kumpigia Dokta umwombe anyamaze, hapana. Utamfanya mgeni wako awe mwongo nyumbani kwako, na mwanao akigundua atakuwa amedanganywa na wawili anaowaamini kuliko wote.

Mwambie leo. Nyinyi wawili tu, mbali na jikoni ambako bibi Nahimana husikilizia. Mpe maneno yako yote kama ulivyoyasema, na ya Dokta yote, hasa lile la kuogopa, maana hilo ndilo litakalomponya. Usianze na "unajua mimi ni mama yako." Omba msamaha kwa kupokea simu yake, kisha funga mdomo. Akinuna, anune, hata siku mbili, ana haki. Akitulia muulize kama kazi hii mpya na maandishi yake vinaingia pamoja. Akiona vinamzidi, atazungumza na Dokta mwenyewe. Wewe msaada wako ni kwamba akikaa kuandika, asitumwe kuni, maji, wala kumshika mtoto wa Danstan.

Jumamosi wapikie, wakaribishe, na ukae nao, usijifiche. Wakienda shambani nenda pia. Restituta atasimama kuwaeleza wale wanafunzi, na pengine atakwama katikati, atatafuta neno, na ulimi wako utawasha. Uache uwashe. Dokta akikugeukia akuulize kama una la kuongeza, mwambie huna, aulizwe Restituta.