Dawa Kwenye Kibanda cha Supu

Jumanne usiku

Amepona! Majibu ya mgonjwa wangu Wafula yametoka leo, hana TB tena, na nilipiga kelele kliniki mpaka daktari akacheka.

Huyu alinitoa jasho. Alikuwa anaingia kazini kichinjioni Dagoretti alfajiri, kabla kliniki haijafunguliwa ameze dawa mbele yetu, kwa hivyo akawa anaziruka. Nilimgombeza, akanikwepa. Niliwaogopea watoto wake. Kumbe supu ya Mama Mwende, pale getini, hakosi hata siku moja! Nikamwomba Mama Mwende dawa zikae kwake, akakubali.

"Usipomeza, supu yangu hunywi," Mama Mwende alimwambia kila asubuhi.

Jioni nimempelekea Mama Mwende habari, nikidhani atapiga vigelegele. Alifuta mikono tu.

"Huyo tumemaliza. Mwingine unayemgombeza ako wapi?"