Studio Yangu Ina Hanga za Nguo

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Nimeipata kazi! Mchapishaji anataka nisome vitabu sita kwa sauti, virekodiwe, watu wasikilize huku wakifua. Sharti moja tu: nisajiliwe kama mfanyakazi wa kujitegemea, cheti kimfikie Ijumaa kabla ya saa sita mchana. La sivyo anampa mwingine. Miaka minne nasomea ndani ya kabati la nguo, maana nguo humeza kelele, na sijawahi kulipwa. Mvumilivu hula mbivu!

Jumanne, 4 Machi
Fomu ya mtandaoni. Jina, sawa. Anwani, sawa. Halafu — chagua namba ya shughuli yako. Orodha haina mwisho! Wafuga nyuki wamo. Watengeneza vizibo vya chupa wamo. Msomaji wa vitabu hayumo. Mume wangu akasema niweke “shughuli nyingine zisizotajwa.” Nikamnunia. Mimi ni nyingine? Dada akapiga simu: weka “wasanii binafsi,” basi. Nikaona haya. Msanii, mimi, mpokea wagonjwa wa kliniki? Nikachagua “studio za kurekodi sauti.” Ina heshima. Nikabonyeza.

Jumatano, 5 Machi
Haraka haraka haina baraka. Ujumbe umeingia: studio hukaguliwa. Mkaguzi anakuja Ijumaa saa tatu asubuhi! Nimepiga simu ofisi ya usajili — namba haibadilishwi tena, wala cheti hakitoki, bila sahihi ya mkaguzi. Mume wangu amecheka mpaka akashika ukuta, eti nimkaribishe mgeni katikati ya suti yake na gauni langu la harusi. Nikacheka. Nikalia kidogo. Kisha nikapiga pasi nguo zote za kabatini. Za nini? Hata sijui.

Ijumaa, 7 Machi, saa nne na dakika ishirini
Naandika nimesimama, jikoni, mbio mbio. Mkaguzi ni mama wa makamo, faili kwapani. Akauliza studio iko wapi. Nikafungua kabati kabla hata ya kutoa shikamoo!

Akayatazama mashati. Akanitazama.

“Mwanangu, hii si studio.”

“Najua, mama.”

“Sasa wewe kazi yako hasa ni nini?”

Nikaingia, nikakaa chini ya makoti, nikasoma ukurasa mmoja wa riwaya, binti anapokea barua, mlango wazi. Nilipoinua macho alikuwa ameketi kitandani, viatu amevua.

“Na ile barua, binti aliifungua?”

Moyo wangu! Nikamwambia, mama, niandikie wasanii binafsi. Nimelitamka neno hilo mwenyewe, kwa sauti ya kabatini. Akakata “studio” kwa mstari mmoja. Akaifunika kalamu. Eti namba ataiandika, lakini kwanza tumalize sura, na nimletee maji ya kunywa.

Kurasa tisa zimebaki. Saa sita haimngojei mtu. Fomu iko mapajani mwake, haina namba, haina sahihi, nami nacheka peke yangu na glasi mkononi. Huyo anaita kutoka chumbani —

“Msanii! Umekwama wapi?”