Kaka Niliyesoma Naye Darasa Moja

Mpendwa kaka Elisante,

Shikamoo, ingawa sijui kama mtu niliyesoma naye darasa moja bado ananidai shikamoo. Huku Akheri hatujambo. Mvua imeshuka vizuri, migomba ya Mama imenyooka, na Mama mwenyewe anaumwa magoti lakini mdomo hauumi hata kidogo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Juzi ulisema yako, ukasingizia mtandao wa huko Kigoma, ukakata. Barua huwezi kuikata. Tena nimeiandika wazi, na mwingine mwenye mtoto aliyerudishwa darasa akiisoma, si vibaya.

Ulisema mwanao Joshua hapati kipaimara mwaka huu. Mtoto aliyerudishwa kidato cha pili hana cha kusherehekewa, asubiri mpaka afaulu. Mimi nilinyamaza, ukadhani ni heshima. Nilikuwa nazuia kicheko, kaka. Wewe ndiye wa kusema hivyo?

Nakumbuka asubuhi uliyoingia darasani kwetu. Tulikuwa ndio kwanza tumepanda darasa la nne, tunajiona watu wazima, mara mlango ukajaa. Ulisimama pale na begi lako begani kama fundi aliyekuja kutengeneza dirisha. Mwalimu akakuelekeza dawati langu, la mbele, na magoti yako yakakataa kuingia chini ya meza. Ukakaa upande, miguu njiani, kila anayepita anajikwaa. Kabla ya mapumziko walishakupa jina: Mnara. Nilicheka kuliko wote. Halafu tulipotoka uwanjani nikampiga ngumi mtoto wa kwanza aliyekuita hivyo, maana mwenye ruhusa ya kukucheka wewe ni mimi peke yangu.

Nisiwe mchoyo wa ukweli. Kurudia kulikusaidia. Mwaka wa kwanza ulikuwa unasoma kwa kubahatisha, unatazama picha na kutunga hadithi yako. Mwaka wa pili ulimsomea Mama zaburi nzima bila kukwama, naye akafuta machozi akasingizia moshi wa kuni. Kwa hiyo sina ugomvi na yule mwalimu aliyekurudisha, alikutakia mema.

Tatizo lilikuwa nje ya darasa. Kina Filipo, uliocheza nao tangu mnatambaa, walikuwa mbele yako, na mwaka ambao mimi na wewe tulikuwa la saba wao walianza sekondari. Walipita njiani na sare mpya zinazonuka duka. Wewe ukaanza kupitia katikati ya kahawa za watu ili msikutane. Ukabaki na wale wawili wa dawati la nyuma, waliorudishwa kama wewe, na kila siku ya gulio la Tengeru mlitoroka pamoja. Mlianza kwa kuiba parachichi. Baadaye zikawa simu za akina mama wanaoinama kuchagua nyanya. Mimi nilijua. Uliniletea chipsi mara mbili kwa wiki moja, na kazi hukuwa nayo. Nilikula zile chipsi haraka, nikazika karatasi yake migombani.

Ndipo ukafika wakati wa kipaimara. Mwinjilisti alitangaza kwamba mafunzo yatafuata madarasa ya shule, kwa hiyo Elisante asubiri mwaka ujao aje na mdogo wake. Ulisema "sawa" kwa sauti ambayo sikuipenda. Mama alifunga kanga ya pili kiunoni, nikajua leo kuna mtu atajuta kuamka. Nilimfuata hadi kanisani. Alimsalimia mwinjilisti vizuri, akamuuliza habari za mke, za watoto, za ng'ombe mmoja mmoja, yule mzee wa watu akaanza kutoka jasho. Kisha akasema aliyoyaendea.

"Shule imemrudisha mwanangu. Mungu hajamrudisha. Umri wake ni ule ule wa wenzake."

Mwinjilisti alicheka, akasema basi aje Jumamosi. Huku kwetu Meru kila mtu anajua kwamba rika ni rika, waliozaliwa pamoja huvushwa pamoja. Jumamosi ulikwenda ukiburuta miguu, na ulipoingia Filipo akasogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja. "Kaa hapa," akakuambia. "Tulikuwa tunakungoja." Uliniambia maneno hayo jioni ile ukijifanya unayadharau, ukayarudia tena wakati wa kula.

Jumapili yenyewe naiona mpaka leo. Koti la mjomba lilikufika karibu na magoti, ua jeupe kifuani, na kola ilikukaba ukawa unageuka mwili mzima kama mtu mwenye jipu shingoni. Mchungaji alikuuliza swali, ukatazama dari. Filipo akakunong'oneza jibu kwa mnong'ono uliosikika hadi kwenye kengele. Mchungaji akasema, "Ahsante Filipo, sasa na Elisante naye ajibu." Kanisa zima likaangua kicheko, na wewe ukacheka nalo, halafu ukajibu. Nilikuwa sijayaona meno yako muda mrefu, kaka. Nilifurahi mpaka nikakosea wimbo.

Nyumbani kulikuwa na mbuzi, ndizi nyama, loshoro yetu ya mahindi sufuria kubwa mbili, na maziwa mgando ndani yake yalikuwa yamekolea vizuri. Kina Filipo walikula kama wanalipiza kisasi. Mama alicheza mpaka kilemba kikamdondoka, akakirusha migombani akaendelea.

Katikati ya furaha hiyo ndipo habari ikaingia. Kuna vijana wamekamatwa Tengeru wakivunja duka wakati watu wako ibadani. Walikuwa wale wawili wa dawati la nyuma. Uliweka sahani chini, ukanivuta nyuma ya banda la ng'ombe.

"Walitaka nisimame barabarani nipige mluzi," ukasema. "Ningekuwa kule, Anna. Nimekataa kwa sababu leo nilikuwa na mahali pa kusimama."

Mmoja wao alirudi baada ya miaka mingi, amekonda, hazungumzi na mtu. Mwingine hatujamwona tena. Hawakuwa wabaya kuliko wewe. Walikuwa watoto wa watu, waliitwa wajinga kila asubuhi wakachoka kuisikia, na hakuna aliyewasogezea benchi. Nikiwakumbuka naumia, hata siku ninayocheka.

Sasa mwanao. Wenzake wako kidato cha tatu, na yeye ameanza kupita katikati ya kahawa za watu. Njia ile ile, kaka. Wifi ameniambia jioni anashinda kijiweni na vijana wakubwa ambao hakuna anayejua wanaishi kwa kazi gani. Jumamosi nilimwita kwenye cherehani yangu kule Themi nimpime suti. Ndiyo, kitambaa nimeshanunua, usiniulize. Alisimama mlangoni amejikunja.

"Usishone, shangazi," akaniambia. "Baba amesema sistahili."

Basi nikamwambia yote. Mnara, magoti, parachichi, koti la mjomba, mluzi ambao hukuupiga. Alikodoa macho. "Baba? Baba alirudia darasa?" Maskini, alidhani ulizaliwa juu ya hilo katapila unaloendesha. Alicheka mpaka akakaa kwenye vitambaa vya wateja. Kisha akaniuliza tena taratibu, kama ni kweli, na nilipomwapia akasimama, akanyoosha mgongo bila kuambiwa. Nikampima bega. Mabega anayo, kaka. Kakurithi wewe.

Suti iko tayari. Kwenye suruali nimeacha upindo mrefu, maana mtoto hurefuka tu, awe kidato chochote. Mbuzi ameshachaguliwa na Mama mwenyewe, naye Mama ameanza kumkaripia kama mtu wa familia. Filipo, ambaye siku hizi kitambi kinamtangulia, ameuliza jambo moja tu: loshoro itakuwepo?

Najua umekasirika kwa sababu nimetoa siri yako. Una haki. Lakini hasira za Kigoma hazinifikii huku, kwa hiyo panda basi uje unigombeze uso kwa uso, mbele ya Mama ukiweza. Ibada ya kipaimara inaanza saa tatu. Filipo atakuwa benchi la mbele, na ameniahidi atasogea.

Akupendaye na kukucheka kwa ruhusa,

Mdogo wako wa dawati moja