Dada, Jaza "Naendelea"

Kitongoji cha Santan,
Negros ya Mashariki,
Ufilipino.
14 Januari 2019

Mpendwa Dada Lorelie,

Hujambo, Dada? Baridi ya huko inakutendeaje? Kile kikohozi cha Krismasi kimekuachia? Sisi tunapumua tu. Zyra ameota meno mawili ya juu na ananing'ata akinyonya, kwa hiyo ukiona mwandiko umeruka mstari ujue yumo mapajani. Mama goti linamsumbua, lakini kanisani haachi kwenda.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimejifungia chooni, maana ndiko pekee ninakoachwa peke yangu. Unasema fomu ya mkataba iko mezani kwako na shule inataka jibu kabla mwezi haujaisha: naendelea, au siendelei. Unaniuliza kama ukirudi utapata kazi ya ualimu, kwa kuwa Renante wangu naye alifundisha Kiingereza hukohuko Japani miaka saba na amesharudi.

Mama ameniambia nikujibu kwamba nafasi zipo tele. Ameshapaka rangi chumba chako. Siwezi kuandika hivyo, Dada. Nitakuandikia yaliyompata mume wangu.

Alipeleka vyeti vyake ofisi ya elimu akiwa amevaa tai. Mama wa dirishani akasoma, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kingine. "Hapa pameandikwa mwalimu msaidizi." Renante akasema huko wanafunzi wote walimwita sensei, yaani mwalimu. "Sawa, kaka, lakini waliwahi kukupa darasa lako mwenyewe? Ukasahihisha mitihani, ukatoa maksi?" Unamjua Renante, kudanganya hajui. Akasema hapana. Kwenye uzoefu akaandikiwa sifuri. Sifuri, Dada, kwa miaka saba. Waliomaliza chuo juzi wako mbele yake kwenye orodha. Na leseni yake ya ualimu ilikwisha muda akiwa huko, kama yako.

Hata hivyo walimwita afundishe somo la majaribio, kidato cha nne. Alijiandaa wiki nzima, akakata kadi za picha kwa makasi yangu ya kushonea. Akasimama mbele ya darasa akafanya kama alivyozoea: neno mojamoja, polepole, mdomo wazi, mikono inapepea, rudieni baada yangu. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Ticha, sisi siyo viziwi." Darasa likaangua kicheko. Wakaguzi nao wakainamia karatasi zao.

Akajaribu kampuni moja ya kupokea simu za wateja wa Marekani. Wakamhoji kwa simu. Yule bosi akamuuliza, "Samahani, kaka, kuna mtoto hapo unaongea naye?" Nilikuwa mlangoni. Nikamwona anaomba radhi huku anaiinamia simu kama wafanyavyo Wajapani, kiuno kizima. Baadaye tulicheka wote wawili.

Ananiambia Kiingereza chake kimesinyaa. Ukikaa miaka na watu wanaojua maneno mia mbili, anasema, na wewe unabaki na hayohayo mia mbili. Usikasirike, Dada, lakini nawe nimekusikia kwenye simu. Umeanza.

Sasa yuko sokoni, kwenye duka la mitumba ya Kijapani. Kazi yake ni kusoma maandishi: sufuria hii ya umeme ni ya volti mia, ukiichomeka hapa bila transfoma itaungua. Wateja wamempa jina. "We Mjapani, hapa pameandikwaje?" "Pameandikwa usiiweke karibu na moto, mama." "Sasa nitapikia wapi, barafuni?" Miaka saba imemfaa kwa hilo tu. Nilimuuliza mwenye duka kama anahitaji msomaji wa pili. Hahitaji.

Kwa hiyo jaza "naendelea". Siwezi kukuahidi kwamba mwakani kutakuwa na nafuu, sioni itakakotokea. Ila huko ukiingia darasani bado kuna watoto wanaosimama kukuamkia. Hapa utasimama wewe, dirishani.

Mama nitamwambia mwenyewe kwamba ni mimi niliyekuzuia. Ataninunia mbele ya wageni. Heri anichukie mimi niliye karibu kuliko akuone wewe unakaa ndani ya chumba kile mchana kutwa, umevaa vizuri, huna pa kwenda.

Usidhani sikutaki. Nakutaka mpaka naona aibu kuandika.

Renante anakusalimu; usimtajie ile habari ya kuinamia simu. Mama mdogo Pacing anasema uvae soksi mbili. Mama naye anakusalimu sana, na anaamini barua hii inakuita uje. Mungu akutunze huko, na akuwekee mtu wa kukuuliza kama umekula.

Mimi mdogo wako ninayekupenda, na nisiyekuita,

Jonalyn