Jina la Kuitwa Ngazini

Jumamosi, 8 Agosti 1998

Padre Tierney kanishika mkono baada ya Misa ya jioni, na hakuuachia. Mzee Pasquale, anayewaita kwa majina wabebaji wa sanamu kwenye sikukuu ya Mtakatifu Roko, amepasuliwa koo na sauti imeisha. Mwaka huu mwita majina ni mimi! "Assunta, ukisoma somo Jumapili wanakusikia hadi kituo cha basi." Nikacheka, nikakubali. Nilipofika kwenye gari ndipo nikaanza kuyapitia majina.

Majina ya watu nayaweza. Petrillo, ukoo niliozaliwa. Mancuso. Iafrate. Jina linalonishinda ni langu mwenyewe, la ndoa.

Scognamiglio.

Mume wangu Nunzio hulitamka Skog-na-mig-lio, linagongana kama mabomba anayouza dukani. Kaka yake Gaetano husema Skunyamil — mwisho anaumeza, kama baba yao alivyoshuka nalo melini kutoka Italia, alipokuja huku Marekani. Na mimi? Miaka yote hii nimekuwa nikisema "mke wa Nunzio wa mabomba". Providence nzima inanielewa.

Ee Mtakatifu Roko, wewe una jina jepesi. Nihurumie.

Jumapili, 9 Agosti

Chakula cha mchana, mchuzi mwekundu na nyama za kuviringisha. Nikawaambia habari. Nunzio akaacha uma.

"Utaniita mimi na yeye?"

"Wewe na kaka yako. Mpiko wa mbele wa kubebea sanamu ni wa nyumba yenu."

"Yeye haji."

"Akija?"

"Haji, Sunta."

Binti yetu Loredana, aliyerudi juzi kutoka masomoni Napoli, akadakia. Kule wanasema Skonyamilyo, Mama, laini, kama unambembeleza mtoto. Baba analivunja na baba mkubwa analimeza!

"Tumekupeleka mwaka mzima," Nunzio akasema, "umerudi na hilo tu?"

"Na viatu."

Tulicheka wote. Lakini Nunzio hakumaliza nyama zake, na yule mtu humaliza hata za jirani.

Niandike mambo yalivyo, maana kichwani yanazunguka tu. Miaka minne iliyopita tulimzika mama mkwe. Padre mgeni, kijana, aliuliza jina linatamkwaje, na Nunzio ndiye aliyekuwa karibu, akajibu anavyojibu wateja. Basi Misa nzima, kutoka altareni: Skog-na-mig-lio, Skog-na-mig-lio. Gaetano alisimama katikati ya Misa, akatoka. Misa ilipoisha, mlangoni akamwambia mdogo wake, "Umemzika mwanamke mwingine." Tangu hapo hawajasemezana. Hata Krismasi.

Na tangu hapo mpiko wetu unabebwa na Nunzio na jirani wa kuombwa. Kamati ya sikukuu imechoka. Mwaka huu Gaetano asipoingiza bega, sehemu ya nyumba yetu wanapewa akina Mancuso. Baba mkwe alibeba pale, wanawe wakabeba pale. Mancuso wenyewe wameshaanza kupima mabega, nimewaona.

Jumanne, 11 Agosti

Nimekutana na Concetta, mke wa Gaetano, kwa mwokaji. Sisi hatujawahi kugombana. Tunakutana palepale kila Jumanne, tunanunua piza ya baridi isiyo na jibini, tunakula tumesimama kama wezi.

Kasema Gaetano shati jeupe la sikukuu amelitoa sandukuni mwenyewe, amelipiga pasi mwenyewe. Gaetano kupiga pasi! Limetundikwa mlangoni. Lakini anasema haendi ngazini kutukanwa na kipaza sauti.

"Kwani atakayemwita ni nani?" nikauliza. "Si mimi?"

"Ndiyo maana shati limetoka, Assunta."

Mungu wangu. Basi wananisubiri mimi.

Jumatano, 12 Agosti

Mazoezi. Aibu!

Kwetu hakuna anayegusa mpiko kabla ya kuitwa. Mwita majina anasimama ngazi ya juu, anaita mmoja mmoja, mkubwa kwanza. Mtu anajibu "Nipo!" ndipo anaingiza bega. Sanamu haiondoki mpaka mabega yote yatimie. Mwaka fulani walimsubiri mzee Iafrate atoke chooni, bendi ikarudia wimbo mpaka mpiga tarumbeta akakaa chini.

Leo nikasema nitakuwa na akili. Nitatafuta la katikati, nusu ya huyu, nusu ya yule. Nikavuta pumzi, nikaita: Skunyamig-lio!

Halafu Mancuso mkubwa: "Huyo nani? Mchezaji wa hoki?"

Walicheka mpaka Padre akajifuta machozi. Nunzio hakucheka. Hakujibu "Nipo" pia. Alisimama mikono mifukoni. Kwenye gari akaniambia, "Hilo lako, Sunta, si la mtu yeyote." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Rozari mbili leo.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimekwenda kwa Gaetano. Peke yangu, na sahani ya pilipili na soseji, maana siwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu hata kama ni vita.

Alikuwa nyuma ya nyumba anamwagilia mtini wake. Fundi mwashi huyu, magoti yamekwisha, lakini mgongo bado umenyooka kama ukuta wake.

"Shemeji," nikamwambia, "njoo Jumapili."

"Nije kama nani?"

Akafunga maji. Akasema baba yao alipofanya kazi ya zege, wasimamizi walimwita Skogi, walimwita Mak, siku nyingine walimpigia mluzi tu. Na aliitika! Alikuwa na watoto wa kulisha. Siku moja tu kwa mwaka mtu alisimama ngazini akamwita jina lake lote, kama mama yake alivyomwita. Baba alikuwa akianza kunyoa ndevu alfajiri kwa ajili ya ile siku.

"Nunzio alikuwa mdogo," akasema. "Yeye anakumbuka maandazi."

Nilirudi kwa miguu nikilia kidogo. Nikanunua maziwa ya kahawa njiani, nikanyamaza.

Ijumaa, 14 Agosti

Nilimweleza Nunzio wakati anafunga hesabu za duka. Nilitegemea alipuke. Akakaa juu ya boksi la mabomba.

Akasema shuleni mwalimu alikuwa akifika kwenye jina lake anasimama, anakunja uso, na darasa zima linaanza kucheka kabla hata hajafungua mdomo. Kila asubuhi. Basi siku moja akamwahi, akalisema mwenyewe kwa sauti, Skog-na-mig-lio, kama lilivyoandikwa, kama ambavyo wao wangelisoma. Hawakucheka tena.

"Sikulitupa, Sunta. Nililivika koti la baridi."

Miaka ishirini na saba ya ndoa, sikuwahi kulisikia hili! Nimempikia maharage na mboga chungu anazopenda. Redio ya jikoni ikapiga tangazo lake, "Bomba likikucheka, mwite Skog-na-mig-lio!" Akanyoosha mkono akapunguza sauti. Hajawahi kupunguza sauti ya tangazo lake.

Jumamosi, 15 Agosti

Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, sikukuu ya jina langu. Loredana kaniletea maua na keki ya malai. Kwenye keki kaandikisha Assunta peke yake. "Nimeogopa kuendelea, Mama!" Mtundu huyu.

Nimemwomba Mama Maria kitu kimoja, sikiandiki.

Alasiri nilishuka ghala la chini kuchukua mitungi ya nyanya. Nunzio alikuwa huko, amenipa mgongo, anapanga spana ambazo zimeshapangwa. Anasema peke yake polepole. Skunya. Skunya-mi. Anaanza tena. Mdomo unakataa, anautukana, anaanza tena.

Nilipanda ngazi kwa ncha za vidole. Nikamwambia Loredana nyanya zimekwisha. Mungu anisamehe, zipo tele.

Jumapili, 16 Agosti

Naandika hapa hapa kwenye ngazi za kanisa, daftari juu ya goti, penseli ya Padre. Mikono lazima ifanye kitu.

Bendi imefika. Mtakatifu Roko yuko nje na mbwa wake, juani, amepambwa riboni. Wabebaji wamesimama kando kwa mashati meupe na mishipi myekundu. Akina Mancuso wako karibu na mpiko wa mbele. Karibu mno.

Gaetano yupo! Yaani — yupo ng'ambo ya barabara, ndani ya gari lake, na Concetta pembeni. Shati jeupe naliona. Hashuki. Redio yake inasikika hadi huku, besiboli.

Nunzio kaja sasa hivi kusimama ngazi moja chini yangu. Anatazama viatu.

"Mwite kwa jina la baba," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi pia. Hivyo hivyo. Kwa sauti yako ile ya kituo cha basi."

"Na tangazo la redio?"

"Redio ni duka. Acha duka." Halafu: "Niliulizwa na yule padre wa mazishi, Sunta. Nilikuwa nalia. Nilijibu la kwanza lililokuja."

Nikamrekebishia mshipi.

Padre ananiashiria. Mkubwa kwanza, yaani Gaetano. Nimelirudia moyoni, Skunyamil, Skunyamil, liko mdomoni, la joto. Akina Mancuso wamesogea hatua nyingine. Nunzio ameweka mkono juu ya mpiko, nafasi ya kaka yake, kama mtu anayemshikia mwenzake kiti. Si ruhusa kugusa kabla ya kuitwa! Hakuna aliyethubutu kumkemea.

Kengele. Nasimama. Mlango wa gari bado umefungwa. Lakini dirisha amelishusha lote, na redio ameizima.