Programu Uliyomwandikia Mwanamke wa Hässelby

Baba Neema,

Nimekuja kwako na wivu. Wengine huwapelekea marehemu wao habari za amani. Mimi leo sina, na wewe unanijua, sijui kuficha uso.

Siku tuliyokuzika kanisa lilijaa watu wetu, Warundi wa kwenu, Wakongo wa kwetu, kina mama wa kwaya. Benchi za nyuma walikaa Waswidi ambao sikumjua hata mmoja, wanaume wenye mvi, na katikati yao mama mzee kipofu mwenye fimbo nyeupe. Zamu ya kuaga ilipofika, aliongozwa mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake, akasema, "Hej då, Mukeke." Kwaheri, Mukeke. Wale wanaume wakalia. Baba Neema, wakalia kama ndugu zako wa tumbo moja! Na mimi mkeo nimesimama na kitambaa mkononi, najiuliza Mukeke ni nani. Mukeke, samaki wa ziwa letu niliyekukaangia kwa mikono hii kila tulipompata, ndiye uliyewapa wageni jina lake wakuite. Mimi hukuniambia.

Nilichokijua ni kile kilichoonekana nyumbani. Unatoka kazini Kista, umekaa kwenye kompyuta mchana kutwa, unakula, halafu unakaa mbele ya nyingine. Modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na simu yetu imeshikwa. Dada yangu akipiga kutoka Uvira hatupati. "Ni ubao wa matangazo," ulinieleza. Kompyuta ya rafiki yako Håkan, mwenye ubao, imekaa nyumbani kwake inangoja kupigiwa simu, na kila anayepiga anaacha maneno yake na kusoma ya wenzake. Wewe ulikuwa fundi wao. Uliutengenezea ubao ule vijiprogramu vya mkono: kimoja cha kufuta barua zilizozeeka, kingine cha kumpongeza mtu siku yake ya kuzaliwa, kingine cha kumkatia aliyeng'ang'ania laini. Hicho cha mwisho nilikuomba ukilete na kwetu. Ulicheka. Mimi sikuwa natania.

Halafu kulikuwa na Gunilla. Nilimjua jina kabla ya sura, kama mtu anavyomjua mke mwenza wa mji wa pili. "Leo Gunilla hawezi kusoma." "Gunilla amekwama tena." Ugali unapoa mezani kwa sababu Gunilla amekwama. Ubao uliacha simu, ukahamia kwenye intaneti, wengi wakausahau. Wewe hukumwacha.

Tangu uondoke, koti lako la baridi nimempa mzee mmoja wa kwaya. Linampwaya, lakini analipenda. Neema anakuja kila Jumapili, namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, tunaelewana hivyo hivyo. Bado nalala upande wangu wa kitanda. Wako nimeuwekea nguo zilizonyooshwa, ili usiwe mtupu.

Ndipo Håkan akapiga simu. Mashine yake ya zamani ilikufa, amehamishia ubao kwenye mpya, na programu yako ya Gunilla imegoma. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo ungeitambua, hiyo programu ya Gunilla ilikuwa inafanya nini hasa.

Akanieleza. Ubao wenu umepambwa rangi na mistari, na nyuma ya kila rangi kuna alama ambazo mwenye macho hazioni. Lakini Gunilla, yule mama kipofu wa kanisani, ana mashine inayomsomea kwa sauti, na yenyewe husoma kila inachokuta: mabano, thelathini na moja, em, mabano, sifuri, em, kabla hajasikia hata "habari za leo". Programu yako ilikuwa inaziondoa takataka zote hizo, anabaki na maneno matupu ya wenzake. Tangu igome, Gunilla hajaingia. Na bila maandishi ya asili ya hiyo programu, yale uliyoyaandika wewe, hakuna awezaye kuirekebisha. Yako kwenye ile kompyuta yako kuukuu, iliyo stoo yetu kule chini ya jengo. Je, anaweza kuja kuichukua?

Nikamwambia nitaangalia. Nilishuka stoo kweli, nikaiona, nikaifunika kwa shuka. Kisha nikamwomba jirani mwenye gari, akienda kutupa kochi lake bovu, aichukue na hiyo.

Neema akajua. Alinikuta nimeshaifikisha mlangoni. "Mamma, hon är blind," akaniambia.

"Najua ni kipofu," nikamjibu. "Mimi mwenye macho, baba yako alinionyesha nini?"

Halafu akasema kwa Kiswahili, jambo asilolifanya ila akiwa na hasira, "Baba asingeitupa."

Unaona? Hata mtoto kaenda upande wa yule mama. Nilipika, nikala peke yangu. Asubuhi nikampigia Håkan, tukutane kwa Gunilla. Kama jasho lako linakwenda kwa mwanamke, nikasema moyoni, basi litapelekwa na mimi, nimwone anavyolipokea. Tukaifunga kwenye kikokoteni changu cha sokoni, mimi na Neema, tukapanda basi kutoka kwetu Spånga, kisha treni ya kijani mpaka mwisho wa reli, Hässelby.

Nyumba ya Gunilla ilikuwa giza. Alipotusikia akaenda ukutani kuwasha taa, akasema, "Samahani, huwa nasahau kwamba wageni wanazihitaji." Alikuwa ametoa kahawa na mikate ya mdalasini. Nilimkagua kama mkwe anavyokaguliwa. Mzee, mnene kidogo, sweta imevaliwa ndani nje. Nikatafuta cha kumchukia, nikakosa, nikazidi kukasirika.

Håkan akaiwasha mashine yako, ikakoroma, ikaamka. Akayapata maandishi. Akasoma kidogo, akajikuna kichwa, akanigeukia mimi. Kila sehemu ya programu uliipa jina, na majina yote ni ya Kiswahili, naye hajui ipi inafanya nini. "Chuja," akasoma kwa taabu. "Epua. Pakua. Ni nini haya?"

Baba Neema, ni maneno ya jikoni. Nikasimama nyuma ya kiti chake nikamfasiria moja moja: hapa anachuja, hapa anatoa motoni, hapa anamwekea mtu kwenye sahani. Sitaki kujidanganya kwamba uliniandikia mimi. Huenda ndiyo maneno yaliyokuwa karibu, mimi napika, wewe unaandika, ukuta mmoja kati yetu. Lakini kwa saa ile kulikuwa na kitu chako ambacho wao wote hawakukijua, nami nilikijua. Nilikifurahia kwa ubaya, nakwambia ukweli.

Kabla kahawa haijaisha programu ikakubali. Gunilla akaweka vidole kwenye vitufe, na ile mashine yake ikaanza kumsomea salamu za wenzake, safi, bila mabano. Akafuta macho kwa mkono wa sweta.

Kisha akaniuliza jambo. "Alikuwa na sauti gani?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba miaka yote hiyo hamkuwahi kuongea. Ulikuwa unaona haya na Kiswidi chako cha mdomoni, ukataka kuandika tu. Kila ulichomwandikia alikisikia kwa ile sauti ya mashine, sauti ya mwanamume aliyebanwa na mafua. "Kwangu Mukeke alikuwa huyu," akasema, akaipapasa. "Wewe umeamka naye kila siku. Nimekuonea wivu sana."

Yeye! Mimi nimekuja kumwonea wivu yeye!

Kwenye simu yangu upo ujumbe ulioniachia ukiwa dukani. "Mama Neema, yale maziwa yako hayapo, nichukue yapi?" Basi, hayo tu. Ndiyo sauti yako pekee niliyobaki nayo. Neema anajua, alinitazama, akatazama mkoba wangu.

Sikuitoa simu. Nilimweleza Gunilla kwa mdomo, kwa Kiswidi changu hiki: sauti ya chini, asubuhi ina mikwaruzo, na ukitaka kusema jambo zito unakohoa kwanza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anakunywa. Akaniambia ahsante. Kwenye treni Neema alikaa kiti cha mbali nami.

Mume wangu, kazi ya mikono yako nimewaachia, waitumie, wakikwama kwenye neno waniite nitakwenda. Hilo nakuahidi, na sitakwenda na uso wa ndimu. Lakini sauti ni yangu. Nimemnyima kipofu, najua, na ukiniuliza nimekosea sitabisha. Siku wivu huu ukipoa nitamsikilizisha, mara moja, nami nikiwa nimekaa pale pale. Bado haujapoa.

Pumzika, Mukeke. Nimelisema mimi pia.

Mama Neema