Bega la Kushoto

Jumanne, 28 Oktoba

Zipu tano kabla ya chai, zote za sketi za shule. Ya tano imevunja sindano. Nikiwa nimepiga magoti natafuta ncha chini ya mashine, Aunty mwenye nyumba akabisha. Anataka nimshonee gai.

Gai ni mtu wa matambara. Hapa Chatsworth, Durban, kila tarehe tano Novemba, watoto wa mtaa wetu wanamchoma kiwanjani, fataki zinalia, watu wanakula. Desturi ya Waingereza wa zamani. Kwa nini hasa, sijapata wa kunieleza. Miaka yote alimtengeneza mume wa Aunty. Mzee alifariki mwezi wa nane. Sasa fundi ni mimi wa chumba cha nyuma.

Nimekubali. Ningesema nini? Maman, mama yangu, alipofika kutoka Uvira kule Congo mwezi wa sita, mabegi mawili na akili nusu, Aunty hakuuliza atakaa siku ngapi. Lakini sipendi. Kumshona mtu ili achomwe, kazi gani hiyo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Gai amekwisha. Suruali ya mtumba, shati la buluu la mirabaraba. Ndani mabaki ya vitambaa na sponji nilizopewa kwenye kiwanda kimoja huko Jacobs. Kichwa ni mto wa zamani. Uso nimeuacha, watoto watachora wenyewe.

Kosa langu: sijui kushona ovyo. Gunia lingetosha kabisa. Mimi nikakata mabega, nikatia mikono yenye pindo. Na nilikata kwa kichwa, bila futi ya kupimia. Vipimo vya mwanaume ninavyovijua kwa kichwa ni vya mmoja tu, kaka yangu Byamungu. Nilijifunza ushonaji kwenye mgongo wake. Kifua thelathini na nane. Bega la kushoto limeshuka inchi moja, kwa ajili ya magunia ya bandarini. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nimeliona bega hilo nilipomkalisha kwenye kiti.

Nitalifumua kesho.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sikuwahi. Nimetoka kununua uzi, narudi, Maman amemfunika gai kitenge magotini na amemwekea chai. Vikombe vitatu mezani.

"Byamungu amefika," akaniambia. "Mbona hukuniambia, Sifa?"

Nikamweleza. Maman, ni matambara haya. Ni gai wa Aunty. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akaongeza sukari kwenye kikombe cha yule. Vijiko vitatu, alivyopenda Byamungu.

Jumamosi, 1 Novemba

Maman amelala mkekani. Kitanda kampa gai. Asubuhi nilishika mkasi nifumue bega, akanikamata mkono. Mama wa miaka sabini na mbili, na amenishinda nguvu.

Niandike, labda nitapumua. Miaka kumi na moja iliyopita Byamungu alipanda boti kwenda Kalemie. Boti haikufika. Familia nyingine zilingoja wiki kadhaa, kisha zikafanya kama tunavyofanya kwetu mwili usipoonekana. Walizika mgomba. Wakalia, wakanyoa, wakarudi kazini. Maman alikataa. Alisema yeye hakuzaa mgomba. Basi kwetu hakuna kaburi, hakuna matanga, iko kungoja tu. Hata huku Durban nimehamia nikiwa nangoja.

Nina hasira naye. Nina hasira na Byamungu pia, Mungu anisamehe.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani nimekwenda peke yangu. Atamwachaje mgeni, anasema.

Wajukuu wa Aunty walichungulia mlangoni, wakamwona gai, wakarukaruka kwa furaha. Mtaa mzima umeshatangaziwa. Nikamfuata Aunty kumweleza. Kiingereza changu ni cha zipu na mapindo, kilikatikia njiani. Kasikia mama, kasikia kaka, kasikia shati. Akanipapasa mkono, akasema mama yangu ana moyo mzuri, na gai awe tayari Jumatano saa kumi na moja. Eish.

Nilikula wali baridi nimesimama.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeshona wa pili. Gunia, kamba shingoni, mikono hailingani, bega hana hata moja. Mbaya hasa. Sijawahi kujivunia kazi mbaya namna hii. Nimempeleka barazani kwa Aunty. Wamchome huyo, Maman abaki na wake. Halafu? Halafu sijui. Anamnyoosha kola kila mara anapopita.

Jioni, akimenya viazi, ameuliza habari za mume wa Aunty. Kama ni kweli walimchoma. Siku ile ya mwezi wa nane Maman alirudi kutoka msibani, akakataa kula. Nikasema ndiyo, Maman, wao Wahindu ndivyo wanavyoagana na maiti.

"Na Aunty anapata usingizi?"

Nikasema naona anapata. Akaendelea na viazi.

Jumatano, 5 Novemba

Nilipeleka gauni la bibi harusi huko Greyville. Wakati wa kurudi, taxi ilikwama kwenye robot moja, taa za barabarani, mpaka nikataka kushuka nitembee. Nimefika mtaani, moshi tayari.

Gai wa gunia alikuwa barazani, peke yake. Chumbani, kiti kitupu. Nikakimbia kiwanjani. Yuko juu ya kuni, shati la buluu, kitenge cha Maman kiunoni, moto umefika magotini. Nikapiga kelele wamshushe. Nani atasikia, na fataki zile? Majirani wakanipigia makofi, wakidhani nimekuja kupongezwa. Bega la kushoto lilianguka kwanza. Nilisimama tu, futi shingoni, mikono haina kazi.

Maman alikuwa mbele kabisa, ameshikana mikono na Aunty. Nikajua watoto wamemlaghai. Nikaanza kuwatukana kwa Kiswahili. Akanivuta.

"Usiwagombeze. Nimewapa mwenyewe. Baba wa hapa walimchoma, na kilio kikaisha. Nimechoka kumngoja, Sifa."

Macho yake yalikuwa ya Maman wa zamani. Aunty hajui neno hata moja la lugha yetu, na alikuwa analia.

Mimi sikuwa tayari. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 6 Novemba

Maman kaomba sufuria ya zamani. Tumechota majivu pamoja na kifungo cha chuma cha suruali. Aunty ametuonyesha migomba yake nyuma ya tangi la maji, akatuachia jembe. Nimechimba mimi. Maman amevua kilemba. Hakuna mchungaji, hakuna wimbo. Amefukia kwa viganja.

Mashine sijaigusa. Siku tatu tunakaa chini, ni matanga, watu wa sketi watanisamehe.

Nimechemsha chai. Nikatoa vikombe vitatu, bila kufikiri. Maman amechukua kimoja, amekifuta, amekirudisha kabatini.